Msiwanyamazishe wasichana wa magongo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu barua iliyochapishwa wiki mbili zilizopita, ambamo msomaji mmoja wa hapa Mombasa aliwalaumu wasichana wa chuo kimoja kwa jinsi walivyosherehekea baada ya kuwashinda wenzao katika mpira wa magongo, yaani hoki. Sina ugomvi na msomaji huyo, na lugha yake ilikuwa ya heshima kuliko nyingi ninazozisikia mabarazani. Lakini barua yake imezaa jambo. Uongozi wa chuo kilichoshinda, ambacho ndicho kitakachokuwa mwenyeji wa mechi ya marudiano mwezi ujao, umebandika tangazo la kupiga marufuku ngoma, nyimbo, tarumbeta na “shangwe yoyote isiyo ya lazima”. Nimelisoma tangazo hilo mara tatu nikitafuta shangwe ya lazima ni ipi, sikuipata.

Nilikuwapo uwanjani siku hiyo, nimekaa kwenye jamvi chini ya mwarobaini pamoja na wazazi watatu, maana jukwaa halikuwapo. Mechi ilikuwa imepangwa saa kumi alasiri, jua likiwa limepoa, lakini ikasukumwa hadi saa saba u nusu mchana kwa sababu timu ya kandanda ya wavulana ilitaka uwanja ule ule kwa mazoezi. Kwa mazoezi, Mhariri, si kwa mechi. Wasichana 22 wakaingia kwenye jua la kaskazi, baadhi yao wamevaa suruali ndefu na hijabu za michezo zilizokwisha kuloa jasho kabla ya kipenga cha kwanza, wakacheza robo 4 za dakika 15 kila moja bila kulalamika. Nyasi za uwanja ule zimeota kwa mafungu, na mpira wa hoki, ambao uzito wake haufiki hata gramu 165 lakini ugumu wake ni wa jiwe, ukigonga fungu la nyasi huruka hadi usawa wa goti. Nilimwona kiungo mmoja akipigwa pembeni mwa kinga ya ugoko, akakaa chini, akavuta soksi, akatazama, akaipandisha tena na kuinuka. Wala hakumtazama kocha.

Hadi robo ya mwisho walikuwa bao moja kwa moja. Zikiwa zimebaki dakika chache wageni wakapata kona ya penalti: mpira ukasukumwa kutoka mstari wa nyuma, ukazuiwa nje kidogo ya duara lililochorwa mbele ya lango, ukaingizwa ndani, ukapigwa, ukagonga ubao wa chini ndani ya lango kwa ule mlio ambao kila aliyewahi kucheza mchezo huu anaujua hata akiwa usingizini. Kipenga cha mwisho kilipolia, wasichana wa timu ya wageni walitupa magongo chini wakamkimbilia kipa wao, wakamwangukia na mapedi yake yote hata nikahofia watamvunja mbavu. Kisha mmoja akaleta leso kutoka kwenye begi, wakajifunga viunoni, wakajipanga safu moja, wakayaokota magongo na kuyagonganisha kwa mapigo ambayo mtu yeyote wa mji huu angeyatambua. Walikuwa wanapiga vugo, ile ngoma ya kina mama ya arusini, Mhariri, ila mahali pa pembe za nyati walishika magongo ya hoki. Na wimbo wenyewe, ambao ndio uliomkera msomaji wako, ulikuwa na mstari mmoja tu waliourudia: “Kombe mumelinywa, kombe mumelikosa!”

Nakiri kwamba nilicheka hadi mabega yakatikisika. Kwa asiyetujua, inafaa nieleze kwamba kombe la kwanza ni lile la kunywa, maandishi matakatifu yanayooshwa kwa maji ya zafarani mtu akanywa kwa kutaka shifaa au kinga, na uvumi ulikuwa umezagaa wiki nzima kwamba timu ya wenyeji ilikunywa. Kombe la pili ni lile la fedha, au tuseme la bati lililopakwa rangi ya fedha, lililokuwa mezani. Huo ni mzaha wa watu wenye lugha yao. Msichana wa miaka 20 aliyeutunga papo hapo, huku anahema na goti linavuja damu, ni wa kupewa zawadi, wala hastahili kusomewa tangazo. Na walioshindwa nao hawakuwa mabubu. Walisimama mikono viunoni wakasikiliza, wakanong’onezana, kisha wakajibu kwa sauti kubwa zaidi: “Leo mumekula kwetu, mwezi ujao twaja kula kwenu!” Hayo ndiyo marudiano ambayo sasa tunaambiwa yachezwe kimya kama mtihani.

Msomaji wako ametoa hoja kwamba kumwimbia aliyeanguka si ungwana, na kwamba wasichana wa Pwani hawakulelewa hivyo. Kuhusu sehemu ya pili ya hoja hiyo nina la kusema kwa sababu mimi mwenyewe nimelelewa katika mji huu, na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa lelemama. Wazee watakumbuka kwamba Mombasa ilikuwa na vyama vya kina mama vya kucheza lelemama, na kwamba mashuhuri kati yavyo, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa miaka mingi. Mama yangu alikuwa wa kimojawapo. Sitakitaja, maana wako watu wa upande wa pili ambao bado wako hai na bado wana ndimi. Vilishindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa idadi ya watu waliojaa uani, na zaidi ya yote kwa nyimbo za mafumbo zilizomchoma mlengwa bila kumtaja jina. Wanaume wa mji walilalamika juu ya gharama na juu ya maneno makali, karibu kwa maneno haya haya tunayoyasoma leo. Hata hivyo, kutokana na mitandao ya wanawake wa namna hiyo, ambao walikwisha kujifunza kukusanya fedha, kugawana vyeo na kusimama mbele ya watu, ndipo zilipochipuka katika miaka ya 1950 jumuiya za kina mama Waislamu za hapa Mombasa. Basi atakayeniambia kwamba mwanamke wa Pwani hakulelewa kushindana na kutamba hadharani, nitamwomba kwanza akamwulize bibi yake.

Na leso je? Ni mwanamke gani wa mji huu asiyejua kwamba jina la leso huchaguliwa kwa ajili ya jirani fulani, ikavaliwa siku fulani, ikapitishwa mlango fulani? Tunawafunza mabinti hayo tangu wakiwa wadogo, kisha wakiyapeleka uwanjani tunashtuka.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe, kwa sababu naona wengi wanaolizungumza jambo hili wanalizungumza kana kwamba uhasama wa timu mbili ni kama vumbi la uwanjani, kitu cha kufagiwa ili mchezo ubaki safi. Nilifundisha wasichana hoki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninavyoona mimi uhasama huo ndio unaoulea mchezo. Mpwa wangu anasoma Minneapolis, huko Marekani, na hunitumia video za hoki ya wanawake ya vyuo vikuu, ambayo kwao ni hoki ya barafuni. Wanacheza sita kila upande pamoja na kipa, vipindi 3 vya dakika 20, na wanachopiga ni kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachoteleza. Mwanzoni nilikuwa natazama kwa adabu ya shangazi. Siku hizi humwamsha yeye usiku wa kwao kumwuliza matokeo.

Nikaanza kufuatilia, na nilichokikuta kilinifundisha. Ubingwa wa taifa wa hoki ya wanawake wa vyuo nchini humo, unaoendeshwa na shirika la NCAA, ulianza mwaka 2001. Mataji 13 ya mwanzo, bila kubakiza hata moja, yalichukuliwa na vyuo vikuu 3 tu: Minnesota Duluth, Minnesota na Wisconsin. Marekani ina majimbo 50, lakini vyuo hivi vitatu vinatoka katika majimbo mawili yanayopakana, na vilikuwa ligi moja. Duluth walitwaa matatu ya kwanza mfululizo, Minnesota wakawapokonya, Wisconsin wakaingia mwaka 2006 na hawajatoka. Ni hadi mwaka 2014 ndipo chuo cha nje ya ligi hiyo, Clarkson cha jimbo la New York, kilipotwaa taji. Msimu wa kuamkia 2013 Minnesota walicheza mechi 41 wakashinda zote 41, na mfululizo wao wa ushindi ulifika mechi 62 kabla ya kukatwa. Nilipomwuliza mpwa wangu siri ni nini alinijibu kwa ufupi: “Shangazi, ni majirani.” Katika ligi yao timu hukutana hadi mara 4 kwa msimu hata kabla ya mtoano. Msichana wa Wisconsin akiamka alfajiri kwenda mazoezini hahitaji kocha wa kumsukuma. Yuko msichana wa Minnesota aliyemfunga juzi, na atakutana naye tena baada ya wiki kadhaa.

Fainali ya mwaka 2025 ndiyo hasa ningependa waliobandika tangazo waione. Ilichezwa Minneapolis, katika ukumbi wa Ridder, ambao ulifunguliwa mwaka 2002 ukiwa umejengwa mahususi kwa ajili ya hoki ya wanawake. Ni nyumbani kwa Minnesota, lakini wenyeji walikwisha kutolewa katika nusu fainali, tena na Wisconsin hao hao. Fainali ikawa kati ya Wisconsin na Ohio State, ambao walikuwa wamekutana fainali kwa mwaka wa tatu mfululizo: 2023 Wisconsin walishinda bao 1 kwa nunge, 2024 Ohio State wakawarudishia bao 1 kwa nunge. Safari hii Ohio State waliongoza 3 kwa 2 hadi zikabaki takribani sekunde 20. Hapo Wisconsin wakapewa penalti, ambayo kwao mchezaji hutoka na kisahani katikati ya uwanja akamwendea kipa peke yake, watu wote wakiwa wamesimama. Kirsten Simms akafunga. Katika muda wa nyongeza yeye yule akafunga la nne, na Wisconsin wakapata taji lao la 8. Kilichofuata ni kile kile nilichokiona chini ya mwarobaini: glavu zikarushwa juu, kofia zikatupwa, magongo yakatapakaa barafuni, na rundo la wasichana wakawa mmoja juu ya mwingine wakipiga kelele ndani ya nyumba ya mahasimu wao. Hakuna aliyewakataza. Kisha rundo likafumuka, timu zote mbili zikajipanga safu mbili, na kila mmoja akapita akimpa mkono kila mmoja wa upande wa pili. Baadhi ya wale wa Ohio State walikuwa wanalia huku wanatoa mikono.

Safu hiyo ya mikono ndiyo jambo ambalo uongozi wa chuo ungelitaja katika tangazo lake kama ungekuwa na nia ya kufundisha. Kwa kweli, siku ile wasichana wetu walikosea hapo. Walianza kuimba kabla ya kupeana mikono, na mikono ikatolewa baadaye kwa haraka, nusu ya timu ikiwa imeshapanda basi. Kwa hilo nisingewatetea, na nilimwambia kocha wao hivyo. Mpangilio ni mkono kwanza, halafu vugo. Aliyeshindwa akishapewa mkono wake amepewa heshima yake, na kinachofuata ni utani baina ya watu wanaojuana.

Kulikuwa na kosa jingine siku ile ambalo msomaji wako hakulitaja, labda kwa sababu halikutoka kwa msichana. Kijana mmoja mtazamaji, aliyekuwa ameegemea ua tangu robo ya kwanza akitoa maoni juu ya miili ya wachezaji, alimpigia kelele kipa wa wenyeji maneno kuhusu rangi yake na kuhusu kabila la mama yake. Mafumbo hayo hayakuwa, yalikuwa matusi tu, na mtu kama huyo ni wa kutolewa uwanjani kwa mkono. Hakutolewa. Tangazo la chuo halisemi lolote juu yake. Timu ya wavulana iliyotwaa uwanja saa kumi ilipiga honi na firimbi hadi magharibi, na juu ya hilo pia tangazo limenyamaza.

Mchezo wenyewe unazo kanuni za kumdhibiti anayevuka mpaka. Mwamuzi wa hoki ana kadi ya kijani inayomtoa mchezaji kwa dakika 2, ya njano inayomtoa kwa dakika 5 au zaidi, na nyekundu inayomfungia nje kabisa. Mchezaji anayemtukana mpinzani au kumkejeli mwamuzi huonyeshwa kadi, na timu yake hubaki pungufu ikimlipia. Nimeshuhudia wasichana wakali wakifundishika kwa dakika mbili za kukaa kitini wakitazama wenzao wanahangaika kumi, na walipata funzo ambalo hawangelipata kwa kusoma ubao wa matangazo.

Upande wa pili wa jambo hili tunao hapa hapa Kenya. Timu ya wanawake iliyojulikana kwa miaka mingi kama Telkom, na sasa Blazers, ilitawala hoki ya wanawake nchini kiasi kwamba watu waliacha kuuliza nani atachukua ligi. Iliishinda Afrika nayo katika ubingwa wa vilabu, tena mara nyingi. Niliwaheshimu sana wachezaji wale na bado nawaheshimu. Lakini niliwahi kuwatazama Nairobi, kwenye zulia la City Park, wakishinda mechi kwa mabao mengi, na mwishoni walipeana vidole vya kugongana, wakakusanya chupa za maji, wakaondoka. Walikuwa kama watu wanaotoka kazini. Hawakuwa na wa kumwimbia. Siku hizi timu za vyuo kama Strathmore na USIU zimo katika ligi ya taifa na zinaibana mechi hadi dakika za mwisho, na nikisikia sasa kwamba kuna watu wameudhika baada ya mechi ya wanawake, nafurahi kidogo moyoni. Watu hawaudhiki kwa jambo lisilowahusu.

Nami niliwahi kuudhika, kwa hiyo siandiki kama mtu aliyekuwa mshindi siku zote. Katika miaka ya 1980 nilikuwa beki wa kulia wa chuo changu, tukichezea magongo ya mti wa mforsadi ambayo tuliyafunga kamba kila yalipopasuka, na tulipoteza mechi kubwa kuliko zote kwa bao moja. Washindi wetu walilizunguka basi letu wakipiga madebe, wakiimba wimbo ambao jina langu lilikuwamo, kwa sababu mimi ndiye niliyepitwa. Nililia kutoka Makupa hadi tulipofika. Yule aliyefunga sasa ni jirani yangu hapa Tudor, tumezikana na kuozana, na kila arusi tunapokaa jikoni kuchambua mchele lazima mmoja wetu aanze. Sheria inasema bao halihesabiwi isipokuwa mpira umeguswa na mshambulizi ndani ya duara, na mimi nilikuwa nimesimama pale, na mpira ule aliupiga nje ya duara. Yeye anasema mguu wake ulikuwa ndani. Mguu haupigi mpira, namwambia. Miaka inakaribia 40 na suala hili halijaamuliwa, wala sina nia ya kumwachia.

Ningetaka wasichana wa vyuo hivi viwili wapate kitu cha namna hiyo. Wengi wao watacheza kwa miaka mitatu au minne tu. Hakuna mshahara unaowangoja katika hoki, na wakishaajiriwa, wakaolewa, wakapata watoto, magongo huishia nyuma ya mlango. Hata huko Marekani michezo ya wanawake vyuoni haikujengeka yenyewe. Ilisimama baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na ilichukua miaka mingi watu kuzoea kwenda kuitazama. Mwaka 2017 mechi moja ya kawaida ya Wisconsin ilihudhuriwa na watu zaidi ya 15,000. Huwezi kumkusanya mtazamaji kwa kumwahidi kwamba atakaa kimya.

Kwa hiyo ninaviomba vyuo vyote viwili, kupitia ukurasa wako, viliondoe tangazo hilo kabla ya marudiano, viirudishe mechi saa kumi alasiri, viweke mtu wa kumtoa mtazamaji anayetukana, na viagize kwamba mikono itolewe kwanza. Mengine yaachiwe wasichana. Na kama havitaniona kuwa nimevuka mpaka wa barua, nina pendekezo moja zaidi. Mjini Boston vyuo vikuu 4, yaani Boston College, Boston University, Harvard na Northeastern, hushindana kila mwaka katika hoki, wanaume tangu mwaka 1952 na wanawake tangu mwaka 1979, na kinachogombaniwa ni chungu cha kupikia maharagwe, kwa sababu maharagwe ndiyo sifa ya mji ule. Thamani ya chungu si kitu, lakini mwaka 2024, fainali ya wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi mkubwa wa mji, watu zaidi ya 10,000 walikwenda kuona nani atakibeba. Sisi hapa tuna bati lililopakwa rangi, ambalo kipini chake kimoja kilibaki mkononi mwa nahodha siku ile alipoliinua.

Mombasa haikosi chombo chake. Napendekeza vyuo vyetu vigombanie mbuzi. Simaanishi wa kuchinjwa, maana yule ataliwa siku hiyo hiyo na ushindani utaishia hapo, bali mbuzi ya kukunia nazi. Anayeshinda aikalie mbele ya watu, akune nazi moja, na tui lake lipikiwe wali wa timu zote mbili, washindi wakila kwa nyimbo na walioshindwa wakila kwa hasira. Ninayo moja nyumbani, ya mbao ya mvule, iliyokuwa ya marehemu mama. Kiti chake kina mpasuko upande wa kushoto ambao nimeuziba kwa gundi, lakini meno ya chuma chake bado ni makali. Nimeifuta vumbi tangu juzi. Nangoja kuambiwa tu niipeleke ofisi gani.

Mwalimu mstaafu na beki wa zamani,
Tudor, Mombasa